Taa ya Kijani Haitoshi

Katika vyuo vingi somo la mitandao ya kompyuta huanza na koleo. Mwanafunzi hukabidhiwa kipande cha kebo, plagi chache za RJ45 na koleo la kukrimpia, kisha hutakiwa kuzipanga nyaya 8 kwa rangi zake: nyeupe yenye mstari wa chungwa, ya chungwa, nyeupe yenye kijani, ya bluu, nyeupe yenye bluu, ya kijani, nyeupe yenye kahawia, ya kahawia. Mpangilio huo huitwa T568B. Kuna anayeupatia mara ya kwanza, na kuna anayeharibu plagi 5 kabla hajapata moja inayoshika. Wa kwanza kumaliza huchomeka kebo yake kwenye swichi, taa ya kijani huwaka, naye hutazama huku na huku akijiona amekwishaajiriwa. Mwalimu mzoefu humwacha atambe kidogo, kisha humwambia afungue tovuti yoyote. Haifunguki.

Taa ile ilikuwa na habari moja tu ya kutoa: vifaa vilivyo kwenye ncha mbili za kebo vimesikiana. Haijui kama kompyuta ina anwani, kama rauta inajua njia ya kutokea nje, wala kama jina la tovuti limepatiwa namba yake. Mengi yanaweza kwenda kombo kati ya taa hiyo na ukurasa uliofunguka, na miaka 2 au 3 ya chuo, ikitumika vizuri, ni ya kujifunza kuyafuatilia moja baada ya jingine bila kubahatisha. Amri za kuandika kwenye rauta na majina ya vifaa hubadilika kila baada ya muda. Ufuatiliaji haubadiliki.

Ndiyo maana wanafunzi wa fani hii, wawe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hukutanishwa mapema na tabaka 7. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilizichapisha mwaka 1984 kama mfano wa namna kompyuta zinavyopaswa kuwasiliana: chini kabisa tabaka la kimaumbile, yaani waya, mwanga na mawimbi, juu yake kiungo cha data, kisha mtandao, usafirishaji, kikao, uwasilishaji, na kileleni programu anayoiona mtumiaji. Wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani na wengi huzisahau likizo ikianza. Si ajabu, kwa sababu intaneti yenyewe haikujengwa kwa mfano huo. ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, ulihamia itifaki za TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, kabla waraka wa ISO haujatoka, na TCP/IP ndiyo iliyotawala. Mwanafunzi mdadisi ana haki ya kuuliza: kwa nini afundishwe mfano ulioshindwa?

Jibu hulipata siku ya kwanza kazini. Mhasibu anapiga simu: "Fundi, mtandao umekata." Asiyefundishwa huizima rauta na kuiwasha tena, na mara nyingine hufanikiwa, jambo linalomharibu zaidi. Aliyefundishwa huanzia chini na kupanda. Hutazama kebo na taa. Kisha hutazama anwani ya kompyuta; akikuta namba inayoanza na 169.254, amepata nusu ya jibu bila kuondoka kwenye kiti: kompyuta imeomba anwani kwa seva ya DHCP, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Anwani ikiwa sawa, huijaribu rauta ya ofisi kwa amri ya ping, ambayo Mmarekani Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 na hadi leo ndiyo ya kwanza kukimbiliwa. Rauta ikijibu, huijaribu 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya ofisi. Nayo ikijibu lakini tovuti bado haifunguki, basi kebo ni nzima, rauta ni nzima na mtoa huduma hana kosa. Kilichokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Dakika chache zimetosha, na mhasibu hakuzimiwa chochote.

Hizo ndizo tabaka 7 zikiwa kazini. Hazikuwahi kuwa ramani kamili ya intaneti, lakini kama utaratibu wa kutafuta kosa hazijapata mpinzani.

Sehemu inayowatoa wanafunzi jasho ni hesabu za kugawa anwani. Anwani ya IPv4 ina biti 32, kwa hiyo zote duniani ni 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu. Ili zitoshe, waraka uitwao RFC 1918 wa Februari 1996 ulitenga mafungu 3 ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyatumia ndani ya jengo lake bila kuomba ruhusa, likiwemo lile linaloanza na 192.168. Kila nyumba ya wageni ina chumba namba 5, na hakuna anayepotea kwa sababu hiyo alimradi anajua yuko nyumba ipi. Anwani hizi hufanya kazi vivyo hivyo, na rauta iliyo mlangoni ndiyo inayobadilisha namba ya ndani kuwa ya nje.

Kazi ya mwanafunzi ni kuligawa fungu. Chukua shule ya sekondari yenye maabara ya kompyuta, ofisi za walimu, uhasibu na waifai ya wageni. Imepewa 192.168.10.0/24, yaani anwani 256. Akiikata kwa /26 atapata vipande 4 vya anwani 64 kila kimoja, vinavyoanzia 0, 64, 128 na 192. Katika kila kipande anwani ya kwanza hubeba jina la mtandao na ya mwisho hutumika kutangazia vifaa vyote, kwa hiyo zinazobaki kwa kompyuta ni 62. Wengi huishia hapo: wamepata alama zao, wamefunga daftari. Maana ya hesabu huonekana pale mwalimu anapouliza ni kwa nini kompyuta yenye .60 na jirani yake yenye .70, zilizo kwenye meza moja na swichi moja, haziwezi kutumiana faili moja kwa moja. Ziko katika vipande viwili tofauti, na bila rauta kati yao ni kama ziko miji miwili. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kuwa ukuta kati ya mgeni wa waifai na vitabu vya mhasibu unaanzia kwenye zile namba alizokuwa akizichukia, kisha unakamilishwa na kanuni anazoandika kwenye rauta kuhusu nani apite na nani azuiwe.

IPv6, yenye biti 128, mara nyingi husukumwa hadi wiki ya mwisho ya muhula, wakati mawazo yote yako kwenye mtihani. Ni kosa la mitaala, na wahitimu hulipia wao.

Kosa linalofundisha kuliko yote huhitaji kebo moja tu. Mwanafunzi achomeke ncha zote mbili za kebo kwenye swichi ileile, au aunganishe swichi mbili kwa kebo mbili, na kinga ya swichi iwe imezimwa. Ujumbe mmoja wa kutangazia kompyuta zote utaingia kwenye mzunguko, utanakiliwa, nakala zitanakiliwa tena, na baada ya muda mfupi taa zote za swichi zitakuwa zinapepesa kwa pamoja huku hakuna kompyuta inayoweza kufanya lolote. Taa zote ni za kijani, lakini mtandao umekufa. Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation. Itifaki yake huzifanya swichi zikubaliane kuchagua moja kuwa shina, kisha zizibe njia yoyote inayoleta mzunguko na kuifungua tu njia kuu ikikatika. Perlman aliueleza ugunduzi wake kwa shairi, na katika fani iliyojaa vifupisho vikavu hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Maabara nzuri basi ni ile ambayo mwalimu hufika mapema kuliko wanafunzi na kuharibu vitu. Hubadilisha namba moja ya anwani ya rauta, huizima huduma ya DHCP, huchomeka kebo iliyokrimpiwa vibaya, huwaweka watu wawili kwenye anwani moja. Wanafunzi wakiingia hukuta malalamiko ya mteja yakiwa yameandikwa ubaoni, na saa 2 za kutafuta. Vyuo vingi hufanya kinyume: mwalimu huonyesha mtandao unaofanya kazi, wanafunzi huufuata hatua kwa hatua, kila kitu huwaka, wote hupata alama. Mhitimu wa maabara ya namna hiyo anajua mtandao ukiwa mzima, na mtandao mzima hauna haja ya fundi.

Hata wakubwa huangushwa na makosa ya aina hii. Jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, muda mfupi kabla ya saa 1 kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp vilitoweka dunia nzima kwa takriban saa 6. Watu walizima simu na kuziwasha, wengine wakanunua bando jipya. Maelezo ya kampuni yenyewe yalisomeka kama jaribio la chuoni. Katika matengenezo ya kawaida, ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao wa ndani unaounganisha vituo vyao vya data, na amri hiyo ikaukata mtandao wote. Kulikuwa na programu ya kukagua amri za hatari, lakini nayo ilikuwa na kasoro, ikairuhusu ipite. Seva za DNS za kampuni zilipoona haziwezi tena kuvifikia vituo vya data, zilifanya kama zilivyofundishwa: ziliondoa matangazo ya njia zao katika itifaki ya BGP, ambayo mitandao ya dunia huitumia kuelezana nani anapatikana wapi. Kwa rauta za nje, anwani za seva hizo hazikuwa na njia tena.

Wahandisi walipotaka kurekebisha kwa mbali walikuta zana zao zinategemea mtandao uleule uliokatika. Ilibidi watu waende kwenye vituo kwa miguu yao, na vituo vile vimejengwa ili mtu asiingie kirahisi wala kugusa rauta kirahisi hata akiwa ndani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulifuata tukio hili kuanzia amri, njia, majina hadi simu ya mkononi, na walimu wanaolitumia kama somo hawakosi wasikilizaji, kwa kuwa kila aliye darasani anaikumbuka jioni ile.

Afrika Mashariki ina visa vyake, na vinastahili nafasi kubwa zaidi kwenye mitaala kuliko vinavyopewa. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Benki, ofisi na vyuo vilibaki na intaneti ya kusuasua au kukosa kabisa. Kipimo cha mhandisi siku hiyo kilikuwa kimoja: je, data ina njia nyingine ya kutokea, na je, njia hiyo ina nafasi ya kubeba mzigo wa ziada? Mikongo miwili inayopita mahali pamoja chini ya bahari ni miwili kwenye karatasi, na mmoja siku ya ajali.

Kisa kitamu zaidi ni cha Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watoa huduma za intaneti wa Kenya walikuwa wengi, lakini hawakuwa wameunganishwa wao kwa wao. Barua pepe ya mtu wa Westlands kwenda kwa mtu wa Industrial Area, kama walitumia kampuni tofauti, ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka Marekani au Ulaya, ikabadilishana mikono huko, kisha ikarudi kwa njia ileile. Safari hiyo ililipiwa kwa dola kwenda na kurudi. Dawa ilikuwa kukutanisha kebo za kampuni zote kwenye chumba kimoja mjini Nairobi, kwa vifaa vichache ambavyo mwanafunzi yeyote wa stashahada angevitambua: swichi na rauta.

Kituo hicho, KIXP, kiliwashwa Novemba 2000 na hakikumaliza mwezi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na mdhibiti wa mawasiliano akaamuru kizimwe. Watoa huduma walipambana kwa hoja kwamba data ya Nairobi kwenda Nairobi si ya kimataifa hata kidogo. Ilichukua zaidi ya mwaka. KIXP ilifunguliwa tena Februari 2002, safari hii ikiwa na leseni. Utafiti wa shirika la Internet Society uliotoka mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa pakiti, yaani kipande cha data, kusafiri ulikuwa umeshuka kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Dar es Salaam nayo ilipata kituo chake, TIX, mwaka 2004, miaka 5 kabla mkongo wa SEACOM haujawashwa Julai 2009.

Mwanafunzi anayedhani fani hii ni waya na amri tu akisome kisa hicho mara mbili. Hakuna kifaa kilichoharibika Nairobi mwaka ule. Kilichoikwamisha pakiti kilikuwa leseni, na waliokwamua walikuwa wahandisi waliojua kuandika hoja ikaeleweka na wanasheria na maofisa wa serikali. Kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo wanafunzi wa kompyuta huiona ya kupoteza muda, ina faida yake.

Kizazi kile cha wahandisi wa Kiafrika kilifundishana chenyewe kwa kiasi kikubwa. Warsha za AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao Afrika, zilianza Cape Town mwaka 2000, zikiongozwa na watu kama Profesa Nii Quaynor wa Ghana, kisha zikawa zinahama nchi hadi nchi; Nairobi zilifika mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011. Walioshiriki walijenga seva na kusanidi rauta kwa mikono yao, na waliohitimu walirudi miaka iliyofuata kuwa wakufunzi. Kutoka Kenya alitokea Dorcas Muthoni, mwanzilishi wa kampuni ya programu ya OpenWorld na mmoja wa waasisi wa AfChix, mtandao wa wanawake wa teknolojia ulioanza mwaka 2004. Mwaka 2014 aliingizwa katika orodha ya heshima ya Internet Society, Internet Hall of Fame, kama Quaynor mwaka mmoja kabla yake. Darasa la mitandao lenye wasichana 3 kati ya wanafunzi 40 bado si jambo la kushangaza, na majina ya Perlman na Muthoni yanapaswa kutajwa humo bila kusubiri siku ya wanawake.

Turudi chuoni, kwenye swali la vifaa. Rauta na swichi za ofisini ni ghali, na chuo chenye seti 4 kwa wanafunzi 60 kinajitahidi. Kilichookoa jahazi ni programu za kuigiza mtandao. Maarufu zaidi ni Packet Tracer ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, inayopatikana bure kwa anayejiandikisha: mwanafunzi huburuta rauta na swichi kwenye skrini, huziunganisha, huandika amri, na huitazama pakiti ikitembea kutoka kifaa hadi kifaa. Anaweza kuijaribu usiku akiwa bwenini kwenye kompyuta ya kawaida tu. GNS3, ambayo hutumia mfumo halisi wa rauta, huhitaji kompyuta yenye nguvu zaidi.

Packet Tracer ni mtoto wa mpango ulioanza mwaka 1997, Cisco Networking Academy. Chanzo chake ni cha kawaida: kampuni ilisaidia shule za Marekani vifaa vya mtandao, ikagundua kwamba shule hazina mtu wa kuvitunza, mhandisi wake George Ward akaanza kufundisha walimu na wanafunzi wenyewe. Leo waliopitia mpango huo duniani wamezidi milioni 20, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki ni sehemu yake. Mtaala ni mzuri. Tatizo ni chuo kinapouchukua wote kama ulivyo na kumfundisha mwanafunzi kampuni moja badala ya fani.

Maana nje ya geti la chuo mambo ni mengine. Watoa huduma wadogo wanaosambaza intaneti mitaani, hoteli ndogo, shule na vibanda vinavyouza waifai kwa vocha hutumia sana rauta za MikroTik, kampuni ya Latvia, na antena za Ubiquiti, kwa sababu bei yake inavumilika. Mhitimu aliyezoea skrini nyeusi ya Cisco pekee huduwaa mbele ya dirisha la MikroTik. Haduwai aliyeelewa njia, anwani na tabaka. Huyo hutafuta tu kitufe kiko wapi. Kazi nyingine zinazomsubiri mhitimu mpya hazitajwi sana kwenye vipeperushi vya udahili: kufunga kamera za ulinzi, kupanda mnara, kuunganisha faiba kwa mashine ya kuyeyushia vioo ambavyo kiini chake kina upana wa mikromita 9 hivi, kupanga kabati la seva ambalo mtangulizi wake aliliacha likiwa kichaka cha kebo. Kuna pia umeme unaokatika na radi, ambavyo vitabu vya Ulaya havivipi nafasi. Fundi wa hapa asiyejua kupima nyaya za ardhi na betri za akiba atabadilisha swichi kila msimu wa mvua.

Atajifunza pia kuikagua kebo kabla hajainunua. Madukani zipo kebo ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ni nyepesi na za bei nafuu, lakini hazikidhi viwango, huvunjika kirahisi, na hupoteza nguvu zinapobeba umeme wa kamera kwa umbali mrefu. Kukwangua ncha ya waya kwa kisu na kutazama rangi ya ndani ni sekunde chache tu.

Nchini Tanzania njia rasmi hupitia ngazi za NTA zinazosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada, na ya 8 shahada ya kwanza. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba anayeishiwa ada baada ya ngazi ya 5 haondoki mikono mitupu; ana cheti kinachotambulika na anaweza kurudi. Vyuo kama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, ambayo mizizi yake ni taasisi ya ufundi ya mwaka 1957, viliundwa kwa mtazamo huo wa mikono na akili pamoja. Mafunzo kazini, ambayo Watanzania huyaita fildi na Wakenya atachimenti, ndiyo sehemu inayotofautiana kuliko zote. Kuna mwanafunzi anayewekwa chini ya fundi anayemwonyesha kila kitu, na kuna anayetumwa chai na kutoa fotokopi kwa wiki 8. Vitabu vyao vya kumbukumbu hutoka na mihuri inayofanana.

Kisha kuna vyeti vya kampuni. CCNA cha Cisco, ambacho ndicho waajiri wengi hukitaja kwenye matangazo, tangu tarehe 24 Februari 2020 hupatikana kwa mtihani mmoja wa dakika 120. Ada yake imekuwa dola 300 za Marekani kabla ya kodi, zaidi ya shilingi laki 7 za Tanzania, na cheti hudumu miaka 3 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Kwa familia nyingi hiyo ni sehemu kubwa ya ada ya mwaka mzima. Ndiyo sababu biashara ya maswali yaliyoibwa imestawi: mtu hukariri majibu, hufaulu, na siku ya usaili huambiwa akae mbele ya swichi na kompyuta mbili zisizosikiana. Usaili wa namna hiyo unazidi kupendwa na waajiri, na ni haki.

Mtihani wenyewe umebadilika kwa namna inayoonyesha kazi inakoelekea. Usalama umepewa asilimia 15 na uendeshaji wa mtandao kwa programu asilimia 10. Mhandisi wa benki yenye matawi 200 haingii kwenye rauta moja moja. Huandika programu fupi, mara nyingi kwa lugha ya Python, inayobadilisha zote kwa mpigo. Na kama Facebook ilivyojifunza, amri moja iliyokosewa nayo husambaa kwa mpigo. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo ahitimu akijua Linux vizuri, programu kidogo, na awe na tabia ya kuhifadhi nakala ya usanidi kabla hajagusa kitu. Vyuo ambavyo ratiba zao bado zinatenga muhula mzima kwa historia ya kompyuta na wiki 2 kwa Linux vina kazi ya kufanya.

Anayechagua chuo cha mitandao, au mzazi anayelipa, aombe kuonyeshwa maabara kabla ya kulipa ada. Asiridhike na kabati la kioo lenye vifaa vinavyong'aa. Aulize maswali 4: ni wanafunzi wangapi kwa rauta moja, maabara hufunguliwa saa ngapi nje ya vipindi, nani hushika ufunguo, na ni lini mara ya mwisho mwanafunzi aliruhusiwa kuharibu kitu humo kwa makusudi na kukitengeneza mwenyewe. Swali la mwisho likijibiwa kwa mshangao, atafute chuo kingine.